Bwana Nyuki Aliniamini

Watu wa Ipuli, hapa Tabora, wakimtaja siku hizi, kwanza hugusa kichwa kwa kidole, ndipo waseme jina la kazi yake ya zamani: Bwana Nyuki. Maana ya kidole kile ni kwamba akili zimekwenda. Mimi nikikiona natazama pembeni, kwa sababu najua kilianzia wapi. Yeye mwenyewe alikubali kwamba kichwa chake kimechoka baada ya mtu mmoja kumwambia neno mbele ya watu. Mtu huyo ni mimi, na neno lile lilikuwa uongo. Nitafika huko. Kwanza nataka aonekane alivyokuwa, maana wengi wanaomnyooshea kidole hawajawahi kutembea naye hata hatua mia moja.

Alikuwa afisa wa ufugaji nyuki, mtu wa kuzunguka vijijini kufundisha watu kutunza mizinga. Alipostaafu, barua ilimfikia yeye tu, miguu haikuletewa nakala. Asubuhi aliamka na kutoka. Alikwenda hadi Kwihara akarudi na kunywa chai kabla majirani hawajamaliza kufagia. Sisi wengine tulimfuata baadaye sana, na tulimfuata kwa sababu ya maradhi.

Hakuna kati yetu aliyeanza kwa kupenda mandhari. Tulikuwa tisa, yeye akiwamo. Kulikuwa na wenye presha na wenye sukari walioambiwa na daktari watembee, na kulikuwa na mimi, fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo, ambaye kwa kukaa kutwa nzima miguu ilikuwa inavimba hadi jioni viatu havivuliki. Mama Maandazi, jirani yangu, ndiye aliyesikia kwamba yuko mzee Ipuli anayetembea kila siku, akanivuta tukamwone. Tulimkuta anakata kucha za miguu kwa kisu. Tulimwamkia, akaitikia, akatutazama viatu kabla ya kututazama nyuso.

"Mnataka kutembea au mnataka kupungua?" alituuliza.

Mama Maandazi alimjibu kwamba anataka vyote viwili. Mzee akasema basi tuje Jumamosi, na tuje tumeshakula, kwa kuwa yeye si mtu wa kumbeba aliyezirai. Hivyo ndivyo kikundi chetu kilivyoanza.

Saa ya kwanza ya safari ilikuwa haina mazungumzo. Hilo lilikuwa sharti lake gumu kuliko yote, na kwa watu wa Ng'ambo lilikuwa adhabu kamili. Alisema mtu anapotoka nyumbani huwa bado ana nyumba kichwani, aachwe kwanza aiteremshe. Wapita njia tu ndio alioongea nao. Mkulima akitokea na jembe, Bwana Nyuki alisimama, akavua kofia, akasema "Mwangaluka" kwa Kinyamwezi, akauliza mvua, akauliza watoto, na salamu ile ilikuwa ndefu kiasi kwamba sisi tulipata nafasi ya kukaa chini. Saa ya kwanza ikiisha alikohoa mara moja. Hapo Mama Maandazi alifungulia, na hakufunga tena hadi tuliporudi mjini.

Alivaa makatambuga, ndala zile za matairi, mvua na jua. Nilimshonea begi la mgongoni lenye mifuko mitano, akatumia mfuko mmoja tu. Maji aliyanywa kwenye mapumziko, si njiani, na akituona tunanywa huku tunatembea alisema tunajiharibia kiu. Wenzangu walikuwa wanamcheka kwa mambo hayo, na yeye alikuwa anajua wanamcheka, lakini hakubadilisha hata moja.

Mara ya kwanza alipotupeleka Kwihara, kwenye lile tembe la zamani ambalo wageni huja kulitazama, tulikwenda tumevaa vizuri kwa ajili ya picha. Tulipofika kwake asubuhi tulikuta ametupangia mifuko minane ya mahindi uani, kila mmoja kama kilo kumi, na wa kwake wa tisa. Kulikuwa na bibi mjane aliyekaa mbele ya Kwihara. Mahindi yalikuwa ya bibi huyo.

"Hii ni njia ya wapagazi," alituambia. "Mtu aliyebeba jino la tembo hapa hakuwa anatazama milima. Nanyi mkienda mikono mitupu mtakuwa kama wakaguzi."

Tulibeba. Nilikuwa nimepita barabara ile nyekundu mara nyingi kwa bodaboda na sikuwahi kujua kwamba ina mwinuko. Siku hiyo niliujua kwa shingo. Vilima vya mawe vilikuwa vimekaa kando, na kila nilipoinua macho vilikuwa bado palepale. Nilifika nikiwa sina hamu ya picha wala ya historia. Bibi yule alitupa togwa na kusema "wabeja", asante ya Kinyamwezi, kwa kila mmoja, na nakumbuka Mama Maandazi, ambaye alikuwa amenung'unika njia nzima, alikaa naye jikoni hadi tukalazimika kumwita.

Hakupenda hadithi tamu kuhusu misafara. Kila mtu wa Tabora ukimwonyesha mstari wa miembe mikubwa atakuambia hiyo ndiyo njia ya zamani, wapagazi walikula embe wakatupa kokwa. Tulimwambia hivyo, akatuuliza kama wajomba zetu hawajawahi kula embe. Lakini siku moja tulikutana na wageni wa kutoka Dar, vijana wenye kamera, na nikamsikia kwa masikio yangu akiwaonyesha mwembe mmoja na kuwaambia kwamba ulipandwa na msafara. Walipoondoka nilimgeukia. Akasema wale walikuwa wamechoka na walihitaji kitu cha kuondoka nacho.

Hata umbali alikuwa anaudanganya. Ukimuuliza bado mbali atakujibu "hapo tu, mkipita ile miti", na miti unaipita, na inakuja mingine. Kuna siku tuliyokwenda bwawa la Igombe kwa miguu tulipita "ile miti" mara saba. Tulipofika upepo wa maji ukatupiga usoni, ndege weupe walikuwa wamesimama kwenye kina kifupi, na watu wote wakakaa ukingoni kimya bila kuamrishwa. Ni mahali pazuri mno, na mimi pale nilihisi kifua kimefunguka kwa mara ya kwanza tangu mume wangu afariki. Yeye alikaa ameyapa maji mgongo, anatazama msitu. Baadaye nilikuja kujua kwamba anayaogopa maji. Nyuki hakuwaogopa, aliingiza mkono kwenye mzinga kama mtu anayetafuta kijiko kabatini, lakini maji yakimfika gotini alirudi nyuma, na mbwa akibweka alijificha nyuma ya Mama Maandazi, ambaye ni mpana.

Aliwachukia wachoma mkaa, na nyumbani kwake alipikiwa kwa mkaa. Asali alikuwa haili. Alikuwa Mmoraviani na mtu wa kwaya, lakini adhuhuri ikifika sisi Waislamu tukiwa tumezama kwenye maongezi, yeye ndiye aliyekuwa anasimamisha safari na kutuonyesha upande wa kibla, kisha anakwenda kukaa mbali hadi tumalize.

Safari ya Ulyankulu tulikwenda kwa gari la kukodi hadi karibu, tukamalizia kwa miguu kupitia mashamba ya tumbaku na ya mahindi. Kabla hatujaingia vijijini alitukusanya. Alisema wazee wa huku walitoka Burundi kwa miguu, na watoto mgongoni, kwa hiyo tutembee kwa adabu na tusimwambie mtu kwamba tumekuja kupunguza sukari. Mmoja wetu alicheka. Bwana Nyuki alimtazama hadi kicheko kikaisha. Tulipita pale kimya zaidi ya ile saa ya kwanza, na bibi mmoja alipotuuliza tumetoka wapi na tunakwenda wapi, sote tulimgeukia kiongozi wetu. Bwana Nyuki alimwambia kwamba tumekuja kuwasalimu. Bibi akasema basi karibuni, na akatuletea viti.

Nimeyasema haya yote ili ifahamike alikuwa mtu wa namna gani kuhusu kweli. Alidanganya umbali ili tusikate tamaa. Aliwadanganya vijana wa kamera ili wafurahi. Lakini kuhusu njia yenyewe, ipi ya kufuata na ipi si yetu, hakuwa na mchezo hata kidogo, na hapo ndipo penye habari ya matawi.

Msituni njia zinagawanyika kila mara. Kuna za warina asali, kuna za wafugaji, kuna za magari ya mkaa, na zote zinafanana. Bwana Nyuki alitangulia, na akifika njiapanda alivunja tawi lenye majani na kulilaza kuvuka njia isiyo yetu. Alisema ndivyo walivyofanya viongozi wa misafara zamani, ili anayechelewa nyuma asipotee. Sheria yake ilikuwa fupi: njia yenye tawi si yako, njia isiyo na tawi ndiyo yako. Na sheria ya pili ilikuwa ya mtu wa mwisho. Kila safari alimteua mmoja akae nyuma ya wote. Huyo, akishahakikisha kwamba kila mtu amepita, ndiye aliyeliondoa tawi na kulitupa kando, kwa sababu njia ile ni ya wenyewe, na mwenye njia akikuta imefungwa atasema tumemtukana. "Tumeazima," alikuwa anasema. "Kitu cha kuazima kinarudishwa kilivyokuwa."

Nilipenda kazi ya mtu wa mwisho. Nyuma hakuna anayekutazama unavyohema. Siku ya msitu wa Kigwa niliiomba mwenyewe.

Mvua zilikuwa zimeshika. Ambaye hajaiona miyombo mvua zikishika hajauona mkoa huu. Mchanga wa njia umeoshwa, majani yanang'aa, na hewa ina harufu ya udongo na ya moshi wa mbali wa mrina asali. Mawe makubwa yanatokeza katikati ya miti bila mpangilio. Na uyoga umetoka. Hapa kwetu uyoga ukitoka mtu hapiti. Hata awe anakwenda mazishini atainama. Pale kijijini tulipoanzia, mrina asali mmoja aliomba kufuatana nasi, ana bonge la nta kichwani, na Bwana Nyuki alifurahi kupata mtu wa kuongea naye habari za mizinga.

Nilifika njiapanda nikakuta tawi limelazwa kwenye njia ya kushoto, ile pana. Mbele yangu wenzangu walikuwa wanapanda mwinuko katikati ya miti. Nikahesabu migongo. Minane. Mimi wa tisa, tumetimia. Nikaliokota tawi, nikalitupa porini, nikapanda.

Mgongo wa nane ulikuwa wa mrina asali. Mama Maandazi alikuwa nyuma yangu, ameinama vichakani, anajaza uyoga kwenye kitenge, na hakumwambia mtu kwamba anachepuka. Alipotoka akafika njiapanda na kukuta njia mbili, zote hazina tawi. Akafuata iliyo pana. Ilikuwa njia ya magari ya mkaa.

Tuligundua kwenye mawe tulipopumzika, mrina asali alipoaga na kushika njia yake. Bwana Nyuki aliniuliza kama nilimwona Mama Maandazi. Nilisema nilidhani yuko mbele. Hilo lilikuwa kweli. Tulirudi tukiita, wanakijiji wakaingia msituni, na alipatikana kesho yake mchana na wafugaji, ameanguka kwenye shimo la zamani la kuchomea mkaa, kifundo cha mguu kimevunjika, uyoga bado uko kifuani. Siku ile yote ya kumtafuta nilikuwa najua nilichofanya, na nilijiambia kwamba akipatikana mzima nitasema. Akapatikana. Nikajiambia nitasema akitoka hospitali.

Alipotoka, wanawe waliomba kikao. Tulikaa uani kwa Bwana Nyuki: sisi wa kikundi, Mama Maandazi na mguu wake wenye plasta juu ya kigoda, mwanawe mkubwa amesimama nyuma yake, na binti wa Bwana Nyuki anayeishi naye. Mama Maandazi alieleza bila hasira. Alifika njiapanda, hakuona tawi popote, akachagua.

"Tawi niliweka," alisema Bwana Nyuki.

"Mzee, kwa heshima zote," alisema yule mwanawe, "mama yangu anasema halikuwepo. Mama yangu amelala porini na mguu umevunjika."

Bwana Nyuki alinigeukia mimi. Hakunigeukia kwa shaka. Alinigeukia jinsi mtu anavyomgeukia shahidi wake.

"Fundi, wewe ndiye ulikuwa wa mwisho. Ulilikuta tawi?"

Niliutazama ule mguu. Nilimtazama yule kijana, ambaye mlango wa nyumba yao unatazamana na wa kwangu. Nikawaza, na nitaliandika wazo lile lilivyokuwa ingawa linanitia aibu: huyu ni mzee, mzee akisahau watu humsamehe, na mimi hawatanisamehe.

"Sikuliona, Mzee," nilisema.

Aliitazama mikono yake. Aliigeuza, akatazama viganja, kisha migongo ya mikono.

"Basi sikuliweka," alisema. "Nitakuwa nimesahau na nikadhani nimeliweka. Mama, nisamehe. Nisameheni nyote."

Kijana yule alilainika papo hapo. Alisema yamekwisha, uzee ni uzee, hakuna ubaya. Watu wote walipumua. Binti wa Bwana Nyuki alileta chai na tuliinywa, nami niliinywa. Tulipoaga walimpa pole yeye kuliko walivyompa Mama Maandazi, na nilisikia mtu akimnong'oneza binti yake kwamba sasa baba awe anaangaliwa.

Aliangaliwa kweli. Hakuongoza tena safari, na bila yeye kikundi kilikufa, watu wakarudi kwenye dawa zao. Yeye akaanza kujichunguza. Alimuuliza binti yake kama mlango umefungwa, kisha akaenda kuutazama, kisha akauliza tena. Alikwenda dukani akasimama kwenye kona ya barabara aliyoipita maisha yake yote, anasubiri kuwa na uhakika, hadi jirani akamshika mkono na kumrudisha nyumbani. Habari hiyo ilizunguka Ipuli nzima. Binti yake akanunua kufuli la geti. Watu wakaanza kumsemesha kwa sauti kubwa, taratibu, kama wanavyomsemesha mtoto. Mimi nilikuwa napita kumjulia hali mara mojamoja, nimebeba ndizi au suruali niliyomshonea, na sikukaa. Yeye alinipokea vizuri kuliko watu wote. Alisema mimi sikuwahi kumficha kitu.

Nilibeba hilo miaka mitatu. Nilikuwa naswali na nikifika kwenye kuomba msamaha naruka, kwa sababu najua wa kuombwa kwanza nani.

Mwaka huu, baada ya mvua, binti yake alikuja kibandani kwangu Ng'ambo na mashati sita ya baba yake.

"Shikamoo, Mama Fundi. Naomba unishonee kitambaa ndani ya kola, kila shati. Kimeandikwa namba yangu ya simu. Asije akatoka akapotea, watu wakashindwa kumrudisha."

Vitambaa alikuwa ameviandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Nilishona shati la kwanza. La pili niliweka chini ya sindano, nikakanyaga, gurudumu likazunguka, nikaacha. Mtu aliyekuwa anawafungia wengine njia wasipotee nilikuwa namshonea namba kama begi la stesheni. Nilikunja mashati yote sita, nikafunga kibanda, nikaenda Ipuli. Ilikuwa Jumanne asubuhi.

Nilimkuta uani anabangua karanga. Amepungua. Miguu ile imekuwa miembamba kama ya mtu mwingine.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Fundi. Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Nami nilidhani Jumanne," alisema, na akaonekana ameridhika.

Nikamwambia. Sikuanza mbali. Nilisema tawi la Kigwa nililikuta, nikaliondoa mwenyewe, nikahesabu vibaya, na siku ya kikao nilisema uongo. Aliendelea kubangua hadi nilipomaliza.

"Lilikuwa la mti gani?"

"La mtundu."

"Lilikuwa upande gani?"

"Kushoto."

Aliweka karanga chini. "Nilikuwa naliona," alisema. "Kila siku naliona. Nalivunja, halikatiki, nalizungusha, linakatika. Nikawa najiambia hilo ni la siku nyingine, maana Fundi hawezi kusema uongo."

Nililia. Hakuninyamazisha. Binti yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi, amesikia yote.

"Miaka mitatu," alisema Bwana Nyuki, "namuuliza huyu mtoto kama nimeshakula."

"Na mimi ninayemfungia geti?" alisema binti yake. Hakuwa ananiuliza mimi wala baba yake.

Nilimwomba Mzee radhi. Akasema hajui kama anayo, angeitafuta. Sauti yake ilikuwa imepanda, na sikuwahi kumwona na hasira kabla ya siku hiyo. Aliniambia niende kwa Mama Maandazi, nimwambie yeye na wanawe, kisha kwa kila aliyekunywa chai pale, mmoja mmoja, kwa mdomo wangu. Nikasimama. Nilipofika getini akaniita.

"Fundi. Kesho nikikuuliza kama ulikuja leo, usinidanganye."

Nilidhani ananipiga kijembe, na nilistahili.

Jioni ile nilivuka kwenda nyumba ya mbele. Mama Maandazi alikuwa anakanda unga. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono ndani ya beseni. Mwanawe alitoka nje, na hadi leo hajanisalimu. Yeye Mama Maandazi alisema neno moja tu, kwamba mguu ungevunjika vilevile. Asubuhi nikamkuta mlangoni kwangu amejifunga kanga, ana mkongojo, anasema twende kwa mzee.

Bwana Nyuki alikuwa palepale uani. Aliitikia salamu zetu, akamfurahia Mama Maandazi, akamuuliza biashara. Kisha akanitazama.

"Fundi, jana ulikuja?"

"Nilikuja."

"Kuna jambo uliniambia?"

Nilimtazama binti yake. Alitikisa kichwa polepole. Alikuwa hajui, kama mimi, iwapo baba yake ananipima au amesahau kweli. Nikakaa chini, nikamwambia tena kuanzia mwanzo. Aliuliza mti gani, nikasema mtundu. Aliuliza upande gani, nikasema kushoto. Na akakasirika upya, kwa maneno mengine kabisa, na Mama Maandazi akamshika mkono hadi akatulia.

Wote waliokunywa chai ile nimewaambia, mmoja mmoja, na sasa naenda kwake kila Jumamosi. Geti halina kufuli tena, ila yeye hatoki, anasema miguu imeshazoea kukaa. Kila Jumamosi ananiuliza kama kuna jambo, nami namweleza lote, na kila mara linamuuma kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Binti yake amenisihi niseme hakuna, baba apumzike, maana mambo mengine anayakumbuka vizuri, hata alichokula juzi, na hili tu ndilo linamrudia likiwa jipya. Jumamosi iliyopita alinisindikiza hadi ndani akiniomba hivyo. Baba yake alikuwa anatusubiri, uso umechangamka, ameniwekea kigoda. Aliniuliza. Nilikaa, nikamwambia.